Chai ya Rodi ya Kumi na Nane

Sikusoma, na Denis hakuchoka kunikumbusha. Miaka kumi na mmoja nilimfuata porini akichimba visima, nikipika na kufua ovaroli zake zenye grisi. Alipopewa ufundi mkuu akaniacha na binti yetu Hana, akaoa mwenye cheti. Nikarudi kwetu Makutupora. Mwaka huu mtambo ukaja kuchimba kisima cha kitongoji chetu, na fundi mkuu alikuwa yeye. Walitaka mpishi. Nikaenda, maana njaa haina kiburi.

Maneno ya kazi ile niliyajua kwa masikio. Rodi ni chuma cha mita tatu kinachoshusha biti ya kutobolea mwamba. Kila rodi ikizama, vipande vya mwamba vinavyopulizwa juu huwekwa fungu moja chini, kwa mstari. Mafungu hayo humwonyesha fundi maji yalipo, ili hapo ateremshe keisingi, yaani bomba la kisima, yenye matundu. Akikosea, bomba lisilo na matundu litayazuia maji nje, na sisi tutaendelea kuyafuata mbali.

Denis ana mazoea ya kujaza kitabu cha kumbukumbu za kisima jioni, kwa kutazama mafungu. Siku hiyo, watu wakila mchana, mbuzi wa jirani yetu Mzee Mazengo wakapita katikati ya mafungu yote ishirini na tano. Denis akayakusanya upya kwa kukisia.

"Maji yako rodi ya kumi na nne," akawaambia wenzake. "Matundu yakae hapo."

Nikaweka mwiko chini. "Ni ya kumi na tisa."

"Mama Hana, songa ugali wako."

"Chai naleta kila rodi sita. Ya tatu nimeileta rodi ya kumi na nane ikiwa imeshazama. Iliyofuata ndiyo iliyotoa maji."

"Siku hizi birika nalo linapima miamba?"

Wakacheka. Swalihu, mtu wa kompresa, ile mashine ya kupuliza upepo, hakucheka.

"Kweli, fundi. Chai ya tatu sikuinywa. Tope lilirukia kikombeni, nikamwaga huku natukana."

"Ulimtukana nani?" nikamuuliza.

"Mwamba, mama. Mwamba."

Denis aliyatazama tena mafungu. Keisingi ikishazikwa haitoki, na hilo alilijua kuliko sisi sote. "Haya, wekeni kumi na tisa," akasema bila kunitazama.

Wakashusha keisingi, wakamwaga changarawe kuizunguka. Kesho yake Swalihu akapuliza upepo. Kwanza lilitoka tope, kisha maji mekundu, na kufika adhuhuri yalikuwa meupe wala hayakukatika. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee Mazengo akamshika Denis mkono. "Umejuaje, mwanangu?"

"Uzoefu, mzee."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Kitabuni aliandika mita hamsini na saba, na chini yake jina lake. Swalihu ndiye aliyenisomea. Nilichukua ndoo yangu, nikawapita wote, nikakinga wa kwanza. Hakuna aliyenizuia.