Mdomo wa Kisima

Ningemkatalia kaka yangu Mutua siku ile, leo nisingevuka barabara kukwepa harufu ya mchanga mbichi. Jirani yangu hapa Handsworth, Uingereza, anajenga ukuta, na lori limemwaga mchanga mlangoni kwake. Mvua ikiunyeshea, mimi hurudi kwa mawazo kwetu Ukambani, kwenye mto usio na maji.

Ninyi mliokulia penye bomba, niwaeleze. Kiangazi tulichimba maji ndani ya mchanga wa mto. Yalivyozidi kuzama ndivyo tulivyoyafuata, na mama hakuchoka kutuambia, "Panueni mdomo kwanza, ndipo mteremke." Shimo jembamba hujifunga lenyewe.

Kupanua kulikula asubuhi nzima. Mutua hakuwa na subira hiyo. Punda tuliyemwazima alitakiwa kurudishwa kabla ya jua kuwa kali.

"Mama alisema tupanue," nikamwambia.

"Kwani mama yuko hapa? Wewe kaa juu uangalie ukuta. Ama unaogopa, kitinda mimba?"

"Siogopi."

Nikakubali. Akashuka mpaka kichwa kikazama, akawa anateka kwa kata, ndoo ikijaa polepole mno. Midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa kiu. Ndipo nikaona mchanga ukichuruzika ukutani, laini kama unga unaovuja guniani.

"Kimeu, huko juu kukoje?"

Nikaitazama ndoo. Ilibaki kidogo tu ijae.

"Kuko sawa."

Ukuta haukutoa kishindo. Ulishuka taratibu, kama mzee anayekaa kitako. Nilifukua kwa kucha huku nikipiga mayowe, hadi wanawake wa visima vya jirani wakaja mbio na kata zao. Walimtoa akiwa hai, mchanga umemjaa kinywani, miguu ikining'inia kama nguo zilizoloa.

Mama hakunipiga. Miaka mingi nilidhani ni huruma tu. Mutua alipofariki ndipo dada yetu aliponieleza kwa simu: Mutua alikuwa amemwambia mama kwamba nilimwonya mapema, yeye ndiye akakaidi.

Tangu siku ile ya kisima Mutua hakutembea tena. Nami, kwa kuona haya mbele ya miguu ile, nilisoma mbali, nikafanya kazi mbali, nikazeeka mbali. Kila Krismasi aliuliza kama nitakuja, na kila Krismasi nilipata sababu. Uamuzi wa asubuhi ile ulininyima kaka yangu, tena akiwa bado hai.