Siku Kisima Kilipomfukia Baba Watoto

Tulikuwa tumechoka kununua maji yanayoletwa na punda, ndiyo maana mume wangu akaamua kuchimba kisima nyuma ya nyumba yetu, hapa karibu na Siakago. Asubuhi ile alikuwa amefika futi kama ishirini. Mimi nilikuwa juu nikivuta ndoo za udongo. Ghafla kamba ikakaza, nikasikia kishindo, na vumbi likapanda likanijaa machoni.

Nilimwita. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba ukuta umeporomoka na udongo umemfika kifuani.

Nilipiga nduru hadi koo likauma. Wa kwanza kufika alikuwa jirani ambaye hatukuwa tukisalimiana tangu mbuzi wake walipokula ndengu zetu. Aliwahi kuchimba visima. Wengine walipofika, alituzuia sote kukaribia ukingo, akasema uzito wetu utammaliza aliye chini. Akang'oa mlango wa jiko langu, akaulaza ukingoni mwa kisima ili usambaze uzito, akajifunga kamba na kushuka na sufuria ya kuchotea udongo, kwa sababu jembe lingemkata mume wangu. Wanaume wakashika kamba, wanawake wakapokezana makarai ya udongo.

Mimi nililala kifudifudi juu ya ule mlango. Kila kokoto ikidondoka nilidhani ndio mwisho.

"Mama watoto, kuna watu?" mume wangu akauliza.

"Wako wengi."

"Nani na nani?"

Nikainua kichwa, nikaanza kumtajia: mwalimu, mwenye duka, wanakwaya, pasta na gambuti zake za mpira. Sikuwa nimejua tuna watu wengi hivyo. Kuna wakati aliacha kuitika, nami nikaendelea kutaja, hata wale ambao hawakuwa wamefika.

Saa tisa mchana walimtoa, mguu umevunjika, midomo imekuwa kama majivu. Alilazwa hospitalini Embu mwezi mzima. Ndengu zetu zilivunwa na watu wale wale nikiwa huko kumuuguza. Niliporudi nilikuta magunia yameshonwa, yamepangwa ukutani.

Kisima tulikifukia. Maji bado tunanunua, na zamani ningesema hayo ni maisha ya kushindwa. Woga haujaniisha. Mume wangu akikawia shambani, natoka kuchungulia njia. Kisha naenda kwa yule jirani wa mbuzi, mkewe ananimiminia uji, tunakaa bila kuzungumza lolote la maana.