Balitoboa salon yangu, kiisha bakasema ni anestezi

Wakuu wa humu, jambo yenu bote. Na bamama pia.

Mi si mutu wa kuandika. Masomo yangu iliishia karibu na mulango ya primeri, na Kiswahili hii ni yetu ya Kolwezi, mutanivumilia. Lakini habari ni kweli tupu. Na majina nitataja, sababu benyewe bako wazima, banakula vizuri, na hakuna hata mumoja mwenye aliniomba musamaha.

Wa kwanza ni Kalenga, shemeji yangu, ndugu ya bibi yangu. Wa pili ni Mama Ngalula, mukubwa wa kikundi ya maombi kwetu Manika. Wa tatu ni bibi yangu mwenyewe wa ndoa, Mama Eliya, lakini yee nitamutaja polepole. Njo mwenye ananipikia.

Mi ni muchimbaji wa Mutoshi. Nilibeba mifuko ya madini mpaka ngiri ikatoka, hapa chini ya tumbo. (Wanaume mwenye banacheka, mucheke tu, itawafikia.) Dokta akasema hakuna njia ingine, ni kupasua.

Mujue kitu moja kwanza.

Salon yangu, chumba ya kupokea bageni, iko na simenti. Nyekundu, laini, inangaa. Nilipaka mwenyewe, juu ya magoti. Kila mara nilitoa mufuko ya madini Mutoshi, kidogo yake ilirudi nyumbani kuwa simenti. Ile ngiri na ile simenti ni mapacha, bilizaliwa na mugongo moja. Mutu akigusa simenti yangu, amegusa tumbo yangu.

Basi bakanitia dawa ya kulala, ile banaita anestezi, bakaniambia nihesabu. Sijui nilifika wapi.

Kuamuka, wakuu, aibu. Ile chuma ya kutundikia serum, maji ya dripu, nilisalimia, "Jambo chef," nikakasirika vile haikuitika. Nililia juu ya ndizi ya mugonjwa wa jirani, sababu niliona iko peke yake mu sahani. Infirmière, muuguzi wa pale, akakuja na vichwa mbili, moja inanikaripia, ingine inacheka.

Akaniambia mbele ya batu ba maombi mwenye balizunguka kitanda: "Tata, hii dawa inaweza kubakia mu kichwa siku kidogo. Ukiona bitu bya ajabu, usiogope na usibishane. Na usicheke, nyuzi zitafunguka."

Usibishane. Bote balisikia. Musisahau hiyo neno.

Kile mi sikumbuki ni kwamba mbele ya kuamuka vizuri, nilikuwa nasema. Eti nilinyoosha kidole, na sauti ya kuamuru batu ba shimo, nikasema: "Madini iko! Nyeusi, nzito! Chini ya kiti yangu ya salon!"

Sasa, ku miji ingine, mugonjwa akisema hivi banamufunika blanketi. Lakini huku kwetu kila mutu anajua mutu mwenye alichimba choo akakuta kobalti. Mugonjwa wa Kolwezi akisema anaona malaika, batu banamwambia pole. Akisema anaona madini, batu banatafuta pele, ile sepeto ya kuchimbia.

Mama Ngalula akapaza sauti: "Aleluya! Bwana amesema na kinywa ya mugonjwa!"

Kalenga hakuitika amina. Kalenga alikuwa amekwisha kutoka.

Hakuna mutu aliniuliza mi, muchimbaji, nikiwa macho. Ningebaambia bure. Udongo ya pale kwangu naijua, ni ya muhogo.

Bakanirudisha nyumbani, natembea kama bata mwenye yai imemukwama. Naingia mu salon. Kiti yangu imesukumwa pembeni, na pale ilikuwa, katikati ya simenti yangu, shimo. Shimo ya kweli ya kazi, myembamba, imesimama wima, inaingia mutu mumoja.

Nikauliza: "Mama Eliya, hii shimo ni ya nini?"

Mama Eliya akaangalia Kalenga. Kalenga akaangalia dari.

"Shimo gani, shemeji?"

"Hii!"

"Ah, pole. Ni anestezi ile. Infirmière alisema usibishane."

Wakuu, nilimuamini! Mutanicheka, lakini mujue kwamba ile saa mu kiti yangu niliona pia mbuzi mweupe, amevaa kravati yangu ya ndoa, amekunja mikono. Sasa mutu mwenye anaona mbuzi ya kravati, atabishana juu ya shimo na uso gani?

Bakafunika ile shimo na mukeka. Asubuhi naona kichwa ya Kalenga inatoka chini ya mukeka, na tochi juu ya paji, kama panya.

"Kalenga, unatoka mu udongo."

"Shemeji, uombe sana. Ile dawa iko nguvu."

Na mi naomba! Bageni bakikuja kuniona, mi mwenyewe nabatuliza: "Musijali, naona shimo hapa, lakini haiko." Banaangalia shimo. Bananiangalia. "Pole, tata."

Sasa kile kilinifungua macho ni mbuzi.

Siku moja Kalenga alikuja kunywa chai, akakaa juu ya ile mbuzi. Bum, bila kuomba ruhusa. Kiisha Mama Eliya, kumupa sahani, akapitisha mukono mu tumbo ya mbuzi. Nikawaza polepole, vile kichwa iliniruhusu: kitu ya dawa, batu banapita katikati. Lakini ku mukeka, Mama Eliya anazunguka, anapita kando na ukuta. Kalenga anapita na ukuta. Hata kuku ya jirani inapita na ukuta. Na kuku haikupewa anestezi.

Nikangoja kikundi ya maombi ikuje.

Bakajaa, bote mugongo ku ukuta, kama picha ya ndoa. Nikasema: "Mama Ngalula, uko mutu wa imani. Pita hapa katikati, unishike mukono."

"Tata, nitazunguka tu."

"Juu ya nini? Kuko kitu?"

"Hapana, hakuna kitu."

"Kalenga, kuko kitu?"

"Hakuna, shemeji." Jasho inamutoka.

"Basi pita weye, uletee chai yangu."

Batu bote macho kwake. Kalenga akashika kikombe, akaangalia dada yake, akakanyaga mukeka.

Akaenda nayo chini.

Shimo alichimba kwa kipimo yake peke, si yake pamoja na mukeka. Ikamukaba ku kwapa, kikombe bado iko mu mukono, chai haikumwagika. Na mule mule, anaangalia mi mu macho, akasema: "Shemeji, usibishane."

Nilicheka. Nyuzi mbili zikafunguka. Kalenga, hata kicheko yangu uliharibu.

Leo anarudisha udongo yake. Kile kilipatikana chini ni kandambili moja ya kushoto. Simenti bado. Mama Ngalula anasema maono ilikuwa ya kweli, mi njo nilionesha chumba mubaya, eti tujaribu jikoni.

Fundisho: ukienda kupasuliwa, ndugu za bibi bangoje inje mpaka ukumbuke jina yako. Na wakikuambia kitu haiko, angalia kwanza miguu yao inapita wapi.

Sasa baba na mama mwenye mulipita mu anestezi, muniambie, inachukua wakati gani kuisha? Sababu ile mbuzi bado iko mu kiti. Sina haraka ya kumufukuza. Mu hii nyumba yee peke njo hakuchimba.