Karani aliyeandika maneno ya mume

Saa mbili na nusu asubuhi. Foleni ya dirisha la mapokezi ya hospitali imefika mlangoni, na karani ambaye wenzake humwita Mzee Daftari ameinamia kitabu chake kama mtu anayechomoa mwiba. Mwanamume anasogea na mkewe, ambaye mkono wake umefungwa kitambaa.

"Ameanguka bafuni," anasema mwanamume.

"Nimekusikia, baba, na nimekuandika. Sasa nenda mwisho wa korido utuletee kiti cha magurudumu."

"Ameumia mkono, si mguu."

"Kilete tu. Akipata kizunguzungu hapa tutamkalisha wapi?"

Mwanamume anaondoka akinung'unika. Karani anainua macho. "Haya, mama. Sasa wewe. Ilikuwaje?"

Mwanamke anamtazama, kisha anacheka kidogo. "Nimeanguka kweli, kaka. Sakafu ilikuwa na sabuni. Yule hata kuku huchinjiwa na jirani."

Karani hatabasamu wala hakunji uso. Anayaandika maneno hayo kwenye safu ya pili. Safu hiyo haikuchapishwa kitabuni. Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, huchukua rula na kuugawa ukurasa: kushoto maneno ya aliyemleta mgonjwa, kulia maneno ya mgonjwa mwenyewe.

"Wenzangu wanadhani ni unadhifu," anasema wakati wa mapumziko, amekaa kwenye benchi nyuma ya stoo ya mashuka. "Ni aibu tu."

Ana miaka ishirini na miwili kwenye dirisha hilo, na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Kwa siku huandikisha watu mia na arobaini hivi. Kwa miaka yote hiyo kitabu kilikuwa na safu moja, yenye kichwa "Maelezo ya mgonjwa", na mwongozo uliobandikwa ukutani unasema ijazwe kwa maneno ya mgonjwa peke yake. Foleni ikiwa ndefu, karani huandika ya yeyote anayeongea haraka.

Miaka mitatu iliyopita, mchana, mume mmoja alimleta mkewe aliyekunywa sumu. Mke alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa mdomoni.

"Nikauliza kumetokea nini. Mume akasema, 'Amekunywa mwenyewe, tulikuwa tumegombana.' Mke akatikisa kichwa. Nilimwona. Akatikisa tena. Nyuma yake mtu alikuwa anapiga kelele kwamba mtoto wake anachemka homa. Nikaandika 'amekunywa mwenyewe', nikaita, 'Anayefuata.'"

Kesho yake asubuhi mwanamke huyo, akijua kwamba haponi, alimwomba muuguzi wa zamu aandike. Alisema mume alimbana na kummiminia mdomoni. Muuguzi aliandika, mashahidi wawili wakatia saini. Alifariki kabla ya jua kuzama.

Mahakama huweza kuyapokea maneno ya mtu aliyekufa, hasa aliyesema akijua anakufa. Ila kwa kuwa mwenyewe hawezi tena kuulizwa swali, huyapima kwa uangalifu: nani aliyasikia, lini, na je, kabla ya hapo alisema jingine? Mume aliposhtakiwa, wakili wake alileta jibu la swali hilo la mwisho. Alileta kitabu cha mapokezi.

Karani aliitwa kama shahidi, akaapa, akaonyeshwa mwandiko wake.

"Maelezo haya ulipewa na nani?" wakili aliuliza.

"Na mgonjwa," karani alijibu.

Anaporudia jibu hilo sasa, hutazama viatu vyake. Mwezi mmoja kabla, karani mwenzake alikuwa amefukuzwa kazi kwa kujaza kitabu kinyume cha mwongozo. "Nilifikiria barua ya kufukuzwa. Nilifikiria kiinua mgongo. Yule marehemu sikumfikiria hata kidogo. Hilo ndilo linaloniumbua nikiwa peke yangu."

Mume aliachiwa huru. Hukumu ilisema marehemu alitoa kauli mbili zinazopingana.

"Marehemu alitoa kauli moja tu," anasema karani. "Ile nyingine niliitoa mimi."

Siku hiyo, kwenye ngazi za mahakama, mama mzazi wa marehemu alimfuata akampa mkono. "Ahsante, baba, kwa kuacha kazi zako ukaja," alimwambia. Karani aliipokea ile ahsante, akaenda nayo nyumbani.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeanza kuona. "Kaya nzima inaongea, yeye anakula kama yuko matangani," anasimulia, sindano ikiwa imebanwa kati ya midomo. "Nikamwambia, mume wangu, kama una mwanamke nje, sema, angalau na mimi nipate usingizi."

Karani alimwambia ukweli baada ya miezi minane. Mke hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu, akimwekea chai, aliuliza: "Siku ukinipeleka mimi pale dirishani, karani mwenzio ataandika maneno ya nani?"

Kesho yake karani alianza kupiga mstari kwa rula. Ilimchukua mwaka mwingine kufika kwa mama wa marehemu, mpishi wa shule. Alimkuta akimenya viazi kwenye beseni, akamweleza yote akiwa amesimama.

Mpishi hakuacha kumenya. "Alitikisa kichwa?"

"Alitikisa, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kwa hiyo mwanangu alikataa." Aliweka kisu chini. "Nami miaka yote namsema moyoni kwamba alikubali kufa na kuniachia watoto. Umenifanya nimkasirikie marehemu, wewe. Sasa usije kulia hapa jikoni kwangu. Nenda ukaseme kulekule ulikosemea ule uongo."

Alikwenda. Aliandika maelezo mapya kwa mwendesha mashtaka, ambaye alimwonya kuwa anaweza kushtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, na kwamba kiinua mgongo chake kinaweza kupotea. Rufaa ya upande wa mashtaka itasikilizwa mwezi ujao, na mahakama imekubali kumsikia tena. Haijulikani kama maneno yake yatabadili hukumu.

Mpishi, akizungumza na mwandishi wa habari hizi nyumbani kwake, hapambi maneno. "Kumsamehe bado. Namsubiri aongee, basi."

Wajukuu wake wawili wanaishi naye. Mkubwa, msichana, ana miaka kumi na mitatu. Tangu hukumu itoke, mtoto huyo ameacha kumtaja mama yake kwa jina lolote. Akiulizwa na walimu, husema, "Alituacha."

Mpishi amekwisha kumwombea ruhusa shuleni kwa siku ya rufaa. Karani alipopata habari hiyo, alimwendea kumsihi asimlete. Alisema mambo ya mahakamani ni mazito kwa mtoto.

"Ni mazito kwa mtoto au kwako?" mpishi alimuuliza.

Tangu hapo, jioni baada ya kazi, karani hukaa na mkewe, na mkewe humuuliza maswali kama wakili, huku cherehani ikiwa imenyamaza. Jibu la kwanza huwa linamtoka kwa kunong'ona, na mkewe humrudisha mwanzo.

"Wakiniuliza maelezo yale nilipewa na nani, nitasema, na mume," anasema. "Nitasema kwamba mke alikataa, kwamba nilimwona akikataa, na kwamba hata hivyo niliandika maneno ya mume. Baada ya hapo wanifunge au wanifukuze, ni haki yao. Mimi ninachotaka ni kusema kwa sauti, polepole, bila maneno ya kiofisi, mpaka yule binti yake atakayekaa nyuma aelewe kila neno."