Wimbo wa Rehema Katika Mashine ya Zamani

Nakumbuka siku moja nikiwa karani kijana kule Kisarawe, ofisi yetu imeletewa kompyuta ya kwanza, nami nabonyezabonyeza vitufe kabla haijamaliza kuwaka. Rehema, mpiga chapa aliyetangulia kufundishwa, akauondoa mkono wangu. "Kaka wee, mashine ina mwendo wake. Ukiibana itakununia." Nikanuna mimi badala ya mashine. Baadaye nikamwoa.

Mwanangu, kompyuta ile haikuwa na picha wala mapambo. Kioo cheusi, maandishi ya kijani, basi. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa: Rehema aliifundisha kuimba. Wenzetu wakienda kula, yeye hubaki akiiandikia amri, mpaka ikatoa kwa milio yake ya pii-pii wimbo wa Kizaramo alioimbiwa na bibi yake. Penye kituo aliiamuru ihesabu kimyakimya kwanza, ndipo iendelee. Vituo hivyo alivipima kwa pumzi zake mwenyewe. Anaimba, anavuta pumzi, anaandika.

Rehema ametangulia mbele ya haki. Picha zake ninazo, ila sauti yake hatukuwahi kuirekodi. Ninamkumbuka mno, sitakuficha. Hapa Tangini nyumba ni ile ile, lakini jioni zimekuwa ndefu.

Ilibaki flopi moja, zile diski za zamani, yenye wimbo ule, na hakuna kompyuta ya leo inayouelewa. Binti yetu Asha, anayefanya kazi Dar, akatafuta kifaa cha kuisomea, kisha akaweka kwenye laptopu yake programu inayoifanya ijifanye mashine ya zamani, na mfumo wake wa zamani ndani yake. Jumapili moja akanikalisha sebuleni. Kioo kikawa cheusi. Maandishi ya kijani yakatokea, nami nikajikuta nimenyoosha mgongo kama niko kazini.

Asha akauita wimbo. Ikatoka kelele moja ya kuparuza, ikaisha.

"Baba, pole. Flopi imeharibika."

Nilijua hakuna nyingine. Kisha nikakumbuka zile hesabu za kimyakimya. Mashine ya zamani ilihesabu taratibu kama mtoto wa chekechea. Hii ya leo inamaliza kabla hujapepesa jicho. Vituo vyote vilikuwa vimemezwa.

"Haijaharibika, mama. Punguza mwendo."

Akapunguza. Bado mbio. Akapunguza tena, hadi laptopu ile ya bei mbaya ikawa inakokota miguu kama mashine yetu ya Kisarawe. Hapo wimbo ukaja. Pii, pii, kimya. Katika kimya kile nilimsikia mke wangu akivuta pumzi. Asha akanishika bega, tukalia wote wawili bila aibu.

Najua, mwanangu, umechoka kuambiwa haraka haraka haina baraka. Na kweli, wapo waliochelewa wakamkuta mwana si wao. Kimbia basi unapokwenda kazini. Lakini ukikaa na waliokutangulia, shuka mpaka kwenye mwendo wao. Mzee akinyamaza katikati ya maneno, usimmalizie. Huenda hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Na sauti ya umpendaye irekodi leo, hata akikucheka.

Mungu akupe masikio yenye subira, na utakapozeeka akujalie mtu wa kukungoja umalize sentensi yako.