Ardhi Tupu ya Benedikta

Binti yangu Benedikta alikuwa mwandishi wa siasa aliyejua lugha mbili, na kila lugha aliipa kazi yake. Kwa Kiswahili aliandika gazetini kwamba trekta za shamba la ngano la serikali zimeiamsha Hanang, "ardhi iliyokuwa tupu". Kwa Kiingereza alitoa kitabu, kikasomwa Ulaya, akaeleza jinsi trekta hizo zilivyolima juu ya makaburi ya Wabarbaigi. Wakubwa wa shamba walimsifu kwa Kiswahili, wazungu wakamsifu kwa Kiingereza. Mimi niliyeishia darasa la nne nilimwuliza, "Je, wakikutana?" Akacheka. "Mama, hawasomi kitu kimoja."

Kisha katekista mmoja akawasomea wanawake wa Kibarbaigi wa kijiji cha Masakta lile gazeti, nao wakamwita Benedikta kwenye baraza lao. Ukiwakosea wanawake wale wanakutoza faini, na usipolipa hakuna nyumba itakayokupokea. Mwandishi asiyepokelewa ataandika nini? Nilifuatana naye.

"Shikamoo, mama," Benedikta alianza.

"Marahaba. Baba mkwe wangu amelala kule kwenye ngano," alisema Mama Gidahosh, mkubwa wao. "Naye ni tupu?"

"Ukweli niliuandika, mama. Kwa Kiingereza."

"Kumbe! Basi tumfufue tumpeleke shule."

Wote walicheka, isipokuwa mimi.

Faini ikawa asali ya kumwaga kaburini, na maneno ya kitabu ayaseme palepale kwa Kiswahili. Asali haikunitisha. Kiswahili ndicho kilichonitisha, maana msimamizi wa shamba alikisikia vizuri sana.

"Lipa asali tu, mwanangu, useme koo linauma," nilimnong'oneza.

"Mama Benedikta, masikio tunayo," alisema mmoja wao.

Tukaenda, wanawake wameshika majani mabichi mikononi, ishara ya amani. Kaburi lilikuwa limebaki tuta la kimo cha goti katikati ya ngano. Benedikta alimwaga asali, akasema yote, kwa sauti ya mtu wa redio. Msimamizi alikuja na Land Rover, akasikiliza mpaka mwisho, akasikitika kweli.

"Dada, mbona gazetini uliandika vizuri?"

Gazeti lilimwachisha kazi kabla ngano haijavunwa. Sasa anapokelewa kila nyumba Masakta, anapewa maziwa, na anaandika kitabu cha pili, kwa Kiswahili. Kila ukurasa naupitia mimi kwanza, natafuta sentensi itakayoleta polisi. Nimeshapata nyingi. Nikimwonyesha, anafurahi.