Furaha Alipoitwa Ndoki

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapa Bunia, niliogopa kulala kitanda kimoja na mdogo wangu Furaha. Alikuwa na miaka mitatu. Zamani alisema "mama" na "mayi", halafu maneno yakampotea moja moja, akabaki na mlio tu. Ukimwita hageuki. Alitembea kwa ncha za vidole, na kutwa nzima alizungusha kifuniko cha sufuria, akicheka na kitu tusichokiona.

Shangazi, dada wa baba, ndiye wa kwanza kumwita mchawi. "Mutoto huyu iko ndoki. Amekula sauti yake, kesho atakula yenu."

Tangu hapo nilifunga koo langu kwa kitenge kila nilipolala.

Siku moja mama akiwa sokoni, shangazi alitupeleka kwenye chumba cha maombi. Mwanamke aliyeombea watu pale alimkalisha Furaha chini, kisha akanigeukia.

"Weye dada yake, sema kweli. Anakuangaliaka mu macho?"

"Hapana."

"Ukimwita, anaitikaka?"

"Hapana."

Nilisema kweli tupu, lakini kila jibu lilizidi kumzamisha Furaha. Yule mwanamke akaleta kikombe cha maji ya pilipili. "Tutamutia mu macho, ndoki itoke." Shangazi akamshika Furaha mikono. Hakulia. Alikuwa anatazama vumbi likielea kwenye mwanga wa dirisha, akitabasamu.

Sijui miguu niliipata wapi. Nilikipiga kikombe kikaanguka, nikambeba, nikakimbia naye hadi sokoni, mkono ukiniwaka kwa pilipili, yeye akipiga kelele kwa kuwa hapendi kubebwa. Nilikuwa bado namwogopa. Pumzi yake shingoni ilinisisimua mwili mzima, na sikumwachia.

Jioni, mama alimsubiri shangazi mlangoni kwetu. "Mutoto wangu haiko ndoki. Usirudie tena kwangu."

Miaka mingi ilipita kabla muuguzi mmoja hajatupa jina la hali yake: otizimu, yaani usonji. Alisema kupoteza maneno na kutoitika jina ni dalili, na kwamba mtoto akianza kusaidiwa mapema hupata mengi. Sisi tulikuwa tumechelewa. Leo Furaha ni mwanamke mzima mwenye maneno machache sana. Jina langu halimo.

Mama huwasimulia wageni jinsi nilivyomwokoa mdogo wangu. Sijawahi kumwambia kwamba kabla ya kikombe kuletwa, ni mimi niliyeulizwa, na nilijibu haraka, nikitumaini wangemchukua Furaha, asirudi tena nyumbani.